Bamvua kwa Bamvua: Mwanawetu wa Stoo ya Kibiti

Siku Mwanawetu aliposikia kwamba ofisi yao inaingia kwenye Ajaili, aliweka chini boksi la glavu alilokuwa amelibeba, akauliza nani kaumia.

"Hakuna aliyeumia, mama," akasema Zaidi. Huyu Zaidi alikuwa mtaalamu wa kompyuta, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, katumwa kutoka makao makuu Dar es Salaam na begi la mgongoni na boksi zima la vikaratasi vya rangi. "Si ajali. Ajaili. Ni namna ya kutengeneza mifumo."

"Ule mfumo wa kwanza mliotuletea ulikuwa ajali," akajibu Mwanawetu. "Sasa nikisikia jina linafanana, lazima niulize majeruhi."

Wapakiaji wakacheka mpaka mmoja wao akakalia katoni ya dripu, na Mwanawetu akamfurusha kwa ncha ya kanga. Mwenyewe hakuwa anatania.

Shirika la Mkono wa Tiba ni kubwa. Lina zahanati mia mbili na ushee katika mikoa mitano, lina wakurugenzi, lina makaimu wa wakurugenzi, na lina watu ambao kazi yao ni kuwakumbusha wakurugenzi kwamba wana kikao. Stoo ya Kibiti inapeleka dawa zahanati zote za Kibiti na Rufiji, kuanzia Ngarambe kule ubavuni mwa pori mpaka visiwa vya delta. Kwa miaka mitatu makao makuu walikuwa wanatengeneza mfumo wa kuagizia dawa hizo. Miaka mitatu! Mtoto anazaliwa, anatambaa, anatembea, anajua na kutukana. Wakaandika kitabu cha mahitaji chenye kurasa mia nne, kikasainiwa na watu kumi na mmoja, na katika hao kumi na mmoja hakuna hata mmoja aliyewahi kuinua katoni ya dawa mseto akaipandisha kwenye boti.

Mfumo ulipofika, ulimtaka kila muuguzi ajaze jina la barabara ilipo zahanati yake. Usipojaza, hausogei. Maparoni haina barabara. Maparoni ina maji, ina mikoko, ina mashamba ya mpunga, ina vijia ambavyo watu wawili hupishana kwa ubavu. Muuguzi wa huko akahangaika siku mbili, mwisho akaandika "Barabara ya Maji". Mfumo ukaitafuta Barabara ya Maji, haukuiona, ukachagua kwa akili zake barabara kubwa uliyoipenda, na lori likaenda kushusha katoni kumi na nne za Maparoni kando ya lami huko Nyamwage. Nyamwage, ng'ambo ya mto, unaelekea Lindi! Nyamwage na Maparoni wapi na wapi? Wenye vibanda wa Nyamwage wakazisoma zile katoni, "Zipelekwe kwa boti", wakaanza kuulizana kama kuna mafuriko yanakuja ambayo wao hawajatangaziwa.

Aliyezifuata katoni zile ni Mwanawetu, kwa gari la kuazima. Alipozifikisha Maparoni, siku tisa zilikuwa zimepita. Makao makuu hawakumuuliza zimefikaje. Walimwandikia kumuuliza kwa nini hakujaza fomu ya gari.

Basi ndiyo maana aliuliza nani kaumia.

Mwanawetu ni mzaliwa wa Maparoni, binti wa mkulima wa mpunga. Alisoma mpaka la saba, akafaulu, hakuchaguliwa. Wa rika lake wanaijua sentensi hiyo na hawaongezi neno. Akaolewa Kibiti na Mohamedi, dereva wa lori, mtu mwema ila mzito wa kuamka. Mkono wa Tiba walipofungua stoo, Mwanawetu aliingia kama mfagizi. Wengine wakifagia hutazama sakafu. Yeye alisoma maboksi. Alisoma majina ya dawa, alisoma tarehe, alisoma hata yale maandishi ya pembeni ambayo kiwanda chenyewe hakitegemei yasomwe. Siku moja mfamasia alikuwa anapakia dawa za macho za watoto, mfagizi akaegemea ufagio akasema, "Hizo zimekufa tangu Shaabani." Mfamasia akageuza boksi, akalitazama, akamtazama mfagizi. Ni kweli, zilikuwa zimepitwa. Mwaka haukuisha, funguo za stoo zikawa zinaning'inia kiunoni kwa Mwanawetu, na hapo ndipo zilipo mpaka leo, mwaka wa kumi na tisa.

Kuna jambo moja hulisema mara chache. Mama yake mzazi alishikwa na malaria kali wakati wa maji mafu. Dawa zilikuwa Nyamisati, bandarini, zimeshafungwa kwenye mfuko. Boti haikuweza kuingia kijitoni kwa siku nne. Siku ya tano iliingia, ikakuta matanga. Tangu hapo Mwanawetu akipanga katoni za Maparoni huzipanga mwenyewe, hamwachii mtu.

Turudi kwa Zaidi na vikaratasi vyake.

Alikusanya watu wa ofisi na wa stoo, pamoja na watengeneza programu watatu aliokuja nao, akasema kuanzia kesho kutakuwa na kikao cha kusimama kila asubuhi, dakika kumi na tano tu.

"Kikao ni kukaa," akasema Mwanawetu. "Watu wakisimama si kikao, ni foleni."

"Basi tukiite nini, mama?"

"Kiite kisimamo."

Na kisimamo kikaitwa hivyo, mpaka leo. Kila mtu hujibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo unafanya nini, na nini kinakukwamisha. Zaidi akaeleza tena kwamba hawatangoja miaka mitatu kumaliza mfumo mzima. Watatengeneza kipande kidogo kwa wiki mbili, wakipeleke kwa mtumiaji, wamtazame anavyohangaika nacho, warudi wakitengeneze. Wiki mbili hizo zinaitwa sprinti, maana yake mbio fupi.

"Wiki mbili ndiyo mbio fupi?" akauliza Sadala, dereva wa boti ya shirika, ambaye pia ni binamu yake Mwanawetu. "Huyo mkimbiaji anatokea Kigoma?"

"Nyamaza wewe," akasema Mwanawetu. "Mtu hujawahi kukimbia hata mvua." Maana hao wawili ni mabinamu, na wasipotukanana mara tatu kwa siku hujiuliza kama kuna msiba.

Lakini moyoni Mwanawetu maneno ya Zaidi yalimwingia. Kumpelekea mtu kitu kidogo, kumtazama anavyokitumia, kisha kurekebisha: hivyo ndivyo yeye alivyojifunza stoo. Alichoshangaa ni kwamba imebidi watu wasome vyuoni ndipo wakijue.

Ukutani wakabandika vikaratasi vya rangi, kila kimoja kazi moja. Feni ilipowashwa, kazi zote za wiki zikaruka kama kumbikumbi. Siku ya tatu Mwanawetu akaja na kamba na vibanio vya nguo, akafunga kutoka dirisha hadi dirisha, akaanika vikaratasi kama nguo za mtoto. Kazi haijaanza, upande wa mlango. Inaendelea, katikati. Imekwisha, upande wa stoo. Zaidi akapiga picha akapeleka Dar es Salaam. Dar es Salaam wakajibu kwamba ubao rasmi utaletwa. Haujaletwa.

Palihitajika pia mtu wa kusema kipi kitengenezwe kwanza na kipi kingoje. Katika kitabu cha Ajaili cheo hicho kiliitwa Mwenye Mahitaji, na makao makuu walikuwa wamempa bwana mmoja aliyekuwa vikaoni kila alipopigiwa simu. Baada ya wiki nzima ya kumtafuta, Zaidi akachoka.

"Bi Mwanawetu, kuwa wewe."

"Mwenye mahitaji nilikuwa tangu nizaliwe," akasema. "Cheo ndiyo kimechelewa."

Kazi ikaenda, tuseme haki. Kipande cha kwanza kikajaribiwa Kibiti mjini, cha pili Ngarambe. Wauguzi wakalalamika, kikarekebishwa, wakalalamika kidogo, kikarekebishwa tena. Mwanawetu alikuwa anakaa na watengeneza programu mezani kwao, anawaambia, "Hapa muuguzi ana mtoto anayetapika mkono wa kushoto. Amebaki na kidole gumba. Hicho kidole gumba kinafika?" Nao wanasogeza kitufe mpaka kidole gumba kifike. Watu waliosoma, wenye digrii zao, na walimsikiliza. Jambo hilo si dogo.

Ila delta haikufika. Safari ya kwanza ya Maparoni ilikwama mdomoni mwa kijito, na Zaidi akashuka kusukuma boti, akazama tope mpaka magotini, akarudi Kibiti na kiatu kimoja. Safari ya pili, vilevile, ila safari hii viatu vilirudi vyote. Mwanawetu hakuwemo, safari zilipangwa na ofisi kwa Alhamisi ya kumaliza sprinti, naye alikuwa stoo. Alichokiona ni karatasi ya safari, na humo mliandikwa "changamoto za usafiri", maneno ambayo ofisini hufunika kila kitu kuanzia pancha mpaka kiama. Akadhani ni injini.

Ndipo ikaja barua. Ilibandikwa mlangoni Jumatatu asubuhi: kwa kuwa zahanati za delta hazijafikiwa katika sprinti mbili mfululizo, zinaondolewa kwenye mfumo mpya na zitaendelea kutumia fomu za karatasi mpaka awamu ya pili. Mwanawetu aliisoma kwa sauti, kisha akaisoma kimya. Fomu za karatasi zilimaanisha oda ya Maparoni kufika Kibiti kwa mkono wa mtu yeyote anayesafiri, ikapita kwenye trei nne, na dawa kutoka mwezi ukiwa umekwisha. Zilimaanisha Nyamwage nyingine. Zilimaanisha mfuko uliofungwa unalala Nyamisati.

Aliyeileta na kuibandika ni aliyeisaini mwenyewe, Ndugu Abdulazizi, mkurugenzi wa mifumo, mwenye viatu vya kung'aa kama sufuria mpya. Akasema angependa kuona kisimamo. Watu wakajipanga.

Sasa hapa ndipo mashirika makubwa yanapougulia, na hata Ajaili uilete kwa lori haitawaponya. Swali la tatu, nini kinakukwamisha, likapita mstari mzima mbele ya bosi. Mfamasia: hakuna. Karani: hakuna, tunamshukuru Mungu. Mtengeneza programu mmoja ambaye kompyuta yake ilikuwa imezima tangu jana: hakuna kabisa. Hata Zaidi, aliyelileta swali lenyewe, akatazama vidole vyake akasema kwa ujumla mambo yanakwenda.

Ikafika kwa Mwanawetu.

"Jana nilipanga katoni za Ngarambe," akasema. "Leo napanga za Maparoni. Nimekwama. Wote tumekwama, ila mimi nina mdomo. Kinachonikwamisha ni hiyo barua."

Mtu akakohoa. Abdulazizi akatabasamu lile tabasamu la wakubwa, la meno bila macho.

"Mama, uamuzi ule umetokana na takwimu. Timu imejaribu delta mara mbili, imeshindwa. Mtindo huu ni wa kasi. Kisichokwenda tunakiweka kando, tutakirudia awamu ya pili."

"Awamu ya pili ya gati la kwetu nilianza kuisikia nikiwa darasa la tatu, mheshimiwa. Naomba niulize. Hizo wiki mbili zenu mnazihesabu kwa kalenda gani?"

"Kalenda ya kawaida. Alhamisi mpaka Alhamisi."

Mwanawetu akageuka. "Binamu, Alhamisi ile ya kwanza maji yalikuwaje?"

"Mafu," akasema Sadala.

"Ya pili?"

"Mafu. Mafu ya kuzika."

"Na wewe mwenye ulimi mrefu kama kamba ya nanga hukusema?"

"Niliuliza karatasi ya safari kaisaini nani, nikaambiwa makao makuu. Nikasema labda makao makuu wanajua boti yenye magurudumu."

Zaidi alikuwa ameinua kichwa. "Mafu ndiyo nini?"

Hapo Mwanawetu akaelewa, na akataka kucheka na kulia kwa pamoja. Kwao mtoto wa miaka sita anajua. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba duniani kuna mtu mzima anayeweza kupanga siku ya boti bila kuutazama mwezi. Na wao walikuwa hawajawahi kuwaza kwamba mwezi unahusu kitu ofisini. Kila upande ulidhani hakuna la kuuliza.

Akaenda kwenye kamba yake ya vibanio, akavuta vikaratasi vinne.

"Tazameni. Mwezi ukiandama, maji yanajaa sana. Hilo ni bamvua. Boti inaingia kijitoni mpaka ngazi za zahanati. Wiki moja baadaye maji yanakuwa mafu, hayajai, kijito ni tope. Mwezi ukiwa mpevu, bamvua tena. Wiki nyingine, mafu tena." Akabana vikaratasi kimoja kimoja, viwili juu, viwili chini. "Kutoka bamvua hadi bamvua ni wiki mbili. Mlianza kuhesabu siku ya maji mafu. Mkiongeza wiki mbili mnaangukia wapi?"

"Maji mafu," akasema Zaidi polepole. "Halafu maji mafu tena. Tungeenda mwaka mzima..."

"Mwaka mzima hapana. Wiki mbili za mwezi zinazidi zenu kidogo, siku kama moja hivi. Kwa hiyo yangekuwa yanasogea, siku moja mngefika kwa bahati, mkapiga makofi, mkaandika ripoti, kisha mkazama tena na msijue kwa nini."

Zaidi akakaa chini, na kisimamo kilikuwa hakijaisha. "Kwa hiyo sprinti ni bamvua."

"Sprinti sijui. Bamvua ni bamvua."

Abdulazizi akainua mkono. "Nimeelewa, na ni jambo zuri kitamaduni. Lakini shirika lina timu kumi na nane. Zote zinamaliza Alhamisi, taarifa zinasomwa pamoja. Siwezi kuwa na timu moja inayomaliza leo Jumanne, keshokutwa Jumamosi."

"Basi uandike barua nyingine, mheshimiwa, mwezi uambiwe uandame Alhamisi."

Wapakiaji wakaangua kicheko wakiwa hata hawako kwenye kisimamo, walikuwa dirishani. Karani akaziba mdomo kwa faili. Bosi mwenyewe kikamtoka puani kidogo, akajidai anapenga.

Ndipo Zaidi akasimama. Mwanawetu humheshimu kwa dakika hiyo kuliko kwa kompyuta zake zote, kwa sababu Abdulazizi alikuwa bosi wake na mshahara wake ulipitia mkononi mwake. "Bosi, nilipoulizwa nimekwama, nimesema mambo yanakwenda. Nimesema uongo. Tulikwama, na jibu lilikuwa stoo, hatua ishirini, na hatukuuliza. Tupe bamvua moja."

Abdulazizi akaenda kwenye ile kamba, akagusa kikaratasi cha bamvua.

"Moja," akasema. "Na mimi nakuja. Nikirudi bila kuona oda imetoka Maparoni, barua inabaki."

"Ukija," akasema Mwanawetu, "usije na hivyo viatu."

Bamvua liliangukia Jumapili. Jumapili! Karani alitaka kujua siku ya mapumziko itajazwa fomu gani, akaambiwa anywe chai. Wakatoka Nyamisati baada ya adhuhuri, maji yanapanda: Sadala nyuma kwenye injini, Zaidi amekumbatia begi la laptopu ndani ya mfuko wa salfeti, mkurugenzi amevaa kandambili alizonunua bandarini, na Mwanawetu mbele, amekalia katoni. Pale walipokwama mara mbili, Zaidi akachungulia chini kutafuta lile tope lake. Halikuonekana. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye matawi, na boti ikapita kama inaitwa.

"Kiatu chako kiko hapo chini, mtaalamu," akasema Sadala. "Sasa hivi kina kaa na wajukuu zake."

Walifunga boti ngazini saa nane na nusu. Mwanawetu akasema, "Saa kumi na moja maji yanageuka. Tukizubaa, tunalala hapa na mbu."

Muuguzi wa Maparoni anaitwa Hafsa. Ndiye yule wa Barabara ya Maji, na alikuwa hajasahau. Akamwamkia Mwanawetu kwa heshima, akawageukia wengine.

"Nani kati yenu ni Nyamwage?"

Abdulazizi akatazama kandambili zake.

Zaidi akampa simu yenye kipande kipya, akasema, "Dada, agiza dawa kama unavyoagiza siku zote. Sisi tutakaa kimya." Kukaa kimya ni sehemu ya mtindo wenyewe, na kwa wasomi ndiyo sehemu ngumu.

Hafsa akaanza. Dakika ya pili akasema herufi ni ndogo kama mayai ya chawa. Dakika ya nne akasema dawa zimepangwa kwa majina ya kiwandani, yeye anataka dripu na dawa mseto ziwe juu, kwani huku ndizo zinazotumika. Mama mmoja akaja na mtoto ana homa. Hafsa akaweka simu, akampima mtoto, akarudi, na simu ilikuwa imesahau kila alichojaza. Akaanza upya. Mtandao ukakatika, simu ikasahau tena. Akaanza upya mara ya tatu, akafika mahali akasimamisha kidole. Akamwonyesha Mwanawetu kioo.

Palikuwa pameandikwa: Jina la barabara.

"Hata hiki kipya?" akasema Hafsa. "Hata hiki?"

Kile kijisanduku kilikuwa kimenakiliwa kutoka mfumo wa kwanza. Kibiti kuna barabara, Ngarambe kuna barabara, hakuna aliyekiona.

Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini. Malalamiko ya Hafsa, Zaidi alikuwa ameyaandika yote, yalifika kumi na moja. Abdulazizi akashusha pumzi, akamvuta Mwanawetu pembeni, na sauti yake haikuwa mbaya.

"Mama, umeona mwenyewe. Imeshindikana. Makosa kumi na moja."

"Nimeona," akasema Mwanawetu. "Kitabu chenu cha kurasa mia nne kiliwapa malalamiko mangapi ya Maparoni?"

"Hakuna."

"Miaka mitatu, hakuna. Leo kwa saa moja na ushee, kumi na moja. Sasa ndiyo kazi imeanza, mheshimiwa, wewe unataka kufunga mlango. Mtaalamu! Katika hayo, mangapi yanamzuia asiagize leo?"

Zaidi akapitisha kidole. "Mawili. Kusahau, na barabara."

"Basi hayo mawili. Tisa yangoje bamvua lijalo."

Hicho ndicho cheo cha Mwenye Mahitaji, na hakuna kingine: kujua mawili ni yapi.

Zaidi akafungua laptopu kwenye benchi la wajawazito, wajawazito wakamsogelea kutazama. Akapiga vitufe, akafuta, akapiga. Mmoja akamuuliza kama hiyo kompyuta inaweza kumwambia mtoto wake atazaliwa lini, Zaidi akasema hapana, yule mama akasema basi haina maana sana. Sadala akaja mara ya kwanza kusema maji yamesimama. Akaja mara ya pili kusema yameanza kugeuka. Mara ya tatu hakusema, aliwasha injini tu.

"Jaribu, dada," akasema Zaidi.

Hafsa akajaza. Mtandao ukakatika katikati, makusudi kama kawaida yake. Simu haikusahau. Akafika pale pa barabara, na barabara haikuwepo. Paliandikwa: Dawa zikufikie kwa njia gani? Chini yake, maneno mawili, nchi kavu au maji. Akabonyeza maji. Simu ikamwambia oda imehifadhiwa, itatoka mtandao ukirudi.

"Na usiporudi?"

"Utarudi," akasema Zaidi, kwa sauti ya mtu anayeomba dua.

Wakakimbilia boti. Walipita pa kukwamia Sadala amenyanyua injini nusu, anaomba samahani kwa kila mzizi wa mkoko. Abdulazizi alikuwa anatazama saa, Zaidi anatazama simu, Mwanawetu anatazama maji, kwani maji ndiyo yaliyokuwa na habari.

Karibu na Nyamisati, simu ya stoo ikalia kiunoni kwa Mwanawetu, katikati ya funguo. Akaitoa, akaisoma, akampa mkurugenzi.

MAPARONI. Njia: maji. Dawa mseto za watoto, katoni mbili. Dripu, katoni nne. Glavu. Na chini kabisa, kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, Hafsa alikuwa ameandika: Isipitie Nyamwage.

Abdulazizi aliisoma mara mbili. Akarudisha simu kwa mikono miwili, jambo ambalo wakubwa hawalifanyi sana.

"Tatizo ni moja," akasema. "Ubao wa makao makuu hauna mahali pa kuandika bamvua."

"Una mahali pa kuandika barabara?"

"Unapo."

"Pafute hapo."

Barua ilitolewa mlangoni kesho yake, na aliyeitoa ni yeye aliyeibandika, kwa kucha zake. Timu kumi na saba za Mkono wa Tiba mpaka leo zinamaliza Alhamisi. Ya kumi na nane, mbele ya jina la Kibiti, imeandikwa "bamvua kwa bamvua", na husemwa kwamba kila mgeni makao makuu huuliza ni nini, na kila mara hupigiwa simu mtunza stoo aeleze. Anaeleza. Hachoki kueleza, anachoka kukatizwa.

Bamvua lililofuata, Mwanawetu alizipeleka katoni za Hafsa mwenyewe, amezipanga kwa mkono wake, zikashukia kwenye ngazi za zahanati, kavu. Na yale malalamiko tisa Zaidi alikuwa ameyamaliza saba. Mwanawetu alisimama ngazini akimtazama Hafsa anahesabu katoni, anapekua boksi moja moja, anaitikia kwa kichwa kwamba zimetimia. Akangoja shukrani.

"Bibi," akasema Hafsa, akinyoosha simu, "hizi herufi sasa zimekuwa kubwa mno. Jirani yangu anasoma oda zangu akiwa nje dirishani."

Mwanawetu akacheka mpaka funguo zikalia kiunoni. Akachomoa kikaratasi cha njano kwenye pindo la kanga, akakiegemeza juu ya katoni, akaandika: lalamiko la kumi na mbili.